Ijumaa za Mchezo wa Chupa

Siku ya mwisho ya azaa ya mama, matanga yake, wageni walipokwisha kuondoka na mazulia ya kukodi yakakunjwa, wajukuu waliwasha televisheni ya ukumbini kwa sauti ya chini. Hakuna aliyewakataza. Nilikuwa nimekaa na kaka yangu Nassor, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa iliyokwisha poa, na hatukuwa na la kuambizana, kwa sababu kwa siku tatu tulikuwa tumeshasema yote ambayo watu husema. Mtoto mmoja alikuwa akibadilisha chaneli moja baada ya nyingine, na baina ya mpira na mapishi likapita tufe jeusi likibiringika juu ya sakafu ya mbao inayong'ara. Nassor akanyanyua mkono, akamwambia yule mtoto arejeshe pale. Ulikuwa mchezo wa bolingi, ule ambao mtu hubiringisha tufe zito lenye matundu ya vidole ili liangushe vigingi kumi vilivyosimama mwisho wa njia. Tukautazama. Siku hizi kuna taa za rangi, muziki unapigwa kila mtu anaporusha, wachezaji wanajipiga vifua kama wacheza mieleka na watazamaji wamebeba mabango. Baada ya muda Nassor akasema wameuharibu, nami nikakubali, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu marefu ya siku ile. Wajukuu walitutazama kwa mshangao, watu wazima wawili wenye mvi, siku ya msiba, wanahuzunikia mchezo wa Wamarekani. Hawajui kwamba mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, humu humu ndani, bila mchezo ule tusingeweza kukaa chumba kimoja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikimaliza chuo kikuu pale Al Khoudh, Maskati. Nyumba yetu ya Al Hail ilikuwa bado mpya lakini hewa ya bahari ilikuwa imeshaanza kulila geti, na kila mwaka tulilipaka rangi na kila mwaka kutu ikarudi. Mdogo wetu Khalfan alifariki wiki chache kabla ya Ramadhani. Alikuwa akirudi na Nassor kutoka Sohar, magharibi inaingia, na Nassor ndiye aliyekuwa akiendesha. Karibu na mzunguko wa barabara kulikuwa na lori limesimama bila taa. Khalfan alifia pale pale. Nassor alivunjika mkono wa kulia, mifupa ya kifundo ikasagika, akatiwa vyuma. Polisi wakasema kosa ni la mwenye lori. Mama aliyasikia maneno hayo, akaitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo hakumtamkia Nassor neno lolote. Hakumgombeza wala hakumlaani. Alimpikia, alimfulia, alimkatia nyama vipande vidogo vidogo kwa sababu hakuweza kushika kisu. Lakini likiwapo la kumwambia alilipitisha kwangu. "Zuwena, mwambie kaka yako chakula tayari," na kaka yangu amekaa pale pale, mbele yake, anasikia kila kitu. Nami nilimwambia. Nassor akanijibu mimi kwamba anakuja.

Watu wakinisikia nikihadithia mwaka ule hudhani tulikuwa tukilia. Labda tulilia mwanzoni, sikumbuki. Ninachokumbuka ni ganzi, kama ile ya mdomoni ukitoka kung'olewa jino, unajigusa shavu na unaona kama unamgusa mtu mwingine. Asubuhi nilipanda basi la chuo, nikakaa dirishani, nikaandika darasani kila alichosema mwalimu, na jioni nikiyasoma niliyoyaandika nauona mwandiko wangu lakini maneno siyajui. Nyumbani kulikuwa na sauti ya kiyoyozi na sauti ya friji, basi. Televisheni ilizimwa tangu siku ya msiba na haikuwashwa tena, na hilo halikuwa sharti la dini wala la mtu, ila kila kilichooneshwa kilikuwa na alama ya Khalfan. Mpira wa miguu, alikuwa akiutazama akiwa amesimama, akiwapigia kelele waamuzi. Sinema za Kihindi, aliigiza mateso ya mashujaa mpaka mama akalia kwa kucheka. Hata habari za saa mbili alikuwa na namna yake ya kumwiga mtangazaji. Jikoni hali ilikuwa hiyo hiyo. Mkate wa kumimina haukupikwa mwaka ule, wala sambusa hazikukaangwa Ramadhani ile, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Aliyetuletea dishi ni ami Said, ndugu wa marehemu baba, aliyekuwa akikaa mtaa wa pili. Alikuwa amestaafu wizarani na alikuwa na imani kwamba hakuna jambo lililoharibika ambalo haliwezi kupatiwa fundi. Alimwambia mama kwamba nyumba ina kimya kisichofaa, na mama hakumkatalia, kwa sababu mwaka ule hakumkatalia mtu kitu. Mafundi wakaja, wakalifunga dishi juu ya dari, likakaa pale kama sinia kubwa lililosahauliwa kuanikwa. Ijumaa ya kwanza ami alikuja kula kwetu baada ya swala. Tulikula wali wa nazi na mchuzi wa papa, tumekaa chini ukumbini, Nassor akijitenga kidogo pembeni kwa sababu alikuwa akila kwa kijiko na mkono wa kushoto, na aliona haya. Tulipomaliza ami akachukua rimoti na kuanza kutafuta. Ikaja mechi ya mpira, mama akasimama na kuanza kukusanya sahani. Ami akabadilisha haraka. Ikaja sinema, mama akalinyanyua sinia. Kikaja kitu ambacho hakuna kati yetu aliyepata kukiona: mwanamume mmoja amevaa suruali iliyopigwa pasi ikasimama, ameshika tufe kifuani kwa mikono miwili kama anayebeba mtungi, kimya, anatazama mbele. Akapiga hatua chache, akainama, akaliachia. Likaenda likipinda taratibu, kama limebadilisha nia njiani, kisha likapiga vile vigingi na vyote vikalala. Mama alikuwa amefika mlangoni na sinia. Akasimama hapo akatazama wa pili. Akatazama na wa tatu. Kisha akaliweka sinia chini na kukaa pale pale kizingitini.

Nilichukua muda kuelewa kwa nini alikaa. Khalfan hakuwahi kuujua mchezo ule. Hakuwahi kuutaja, kuuiga wala kuubishia. Katika kila kitu kilichokuwamo ndani ya nyumba yetu palikuwa na nafasi yake tupu, na katika mchezo huu hapakuwa na nafasi yake hata kidogo. Tungeweza kuutazama kama watu ambao hawakuondokewa na mtu.

Ikawa ada yetu. Kila Ijumaa baada ya chakula, chaneli ile ilionesha mashindano ya Marekani ya watu wanaocheza kwa riziki, na hatukujua kama yamechezwa jana au miezi iliyopita. Wala hatukujali. Ukumbi wa mashindano ulikuwa mdogo, njia mbili tu, na watazamaji wachache wamekaa kwenye viti vya kukunja, wazee wengi, wake zao wamepakata mikoba. Watangazaji walikuwa wawili na walinong'ona kama watu wenye mgonjwa chumba cha pili. Sauti ya tufe ilianza kama mngurumo wa mbali, ikakua, kisha ikaja ile ya vigingi, kama sahani za mbao zimeporomoka kabatini. Baada yake makofi mafupi, ya adabu. Halafu kimya tena. Nikijiuliza leo ninachokitamani hasa katika siku zile, ambazo zilikuwa siku mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi, nadhani ni ule utulivu. Mtu aliyeshinda alitabasamu kidogo na kumpa mkono aliyeshindwa. Aliyeshindwa alijifuta vidole kwa taulo, akalitia tufe lake katika begi, akaondoka. Hakuna aliyelia, na hakuna aliyetakiwa kulia.

Mama aliuita mchezo wa chupa, kwa sababu vigingi vile vina shingo na kiuno kama chupa za soda za zamani. Hakujua Kiingereza cha watangazaji, kwa hivyo akaupa mchezo mzima majina yake mwenyewe. Mtu akiangusha zote kwa mpigo mmoja, kafyeka. Akibakisha kisha akazimaliza kwa mpigo wa pili, kazoa. Zikibaki mbili, moja huku na moja kule, hilo ni pengo, na mama alisikitika akiliona pengo kama aliyeona kitu kimemwagika. Na wachezaji nao aliwapa majina. Mmoja mnene mwenye masharubu na shati jeupe, anayetabasamu hata akikosa, alikuwa Bwana Harusi. Mwingine mwembamba, anayerusha kwa mkono wa kushoto, alikuwa Shoto, na Shoto ndiye aliyekuwa wake. Utaratibu wa mashindano ulikuwa kwamba wawili wa chini huanza, mshindi akapanda kumkabili aliye juu yake, hivyo hivyo mpaka amfikie yule wa kwanza ambaye muda wote alikuwa amekaa akisubiri. Mama hakupenda jambo hilo. Aliniambia wanamtesa yule wa kwanza, anakaa bure mpaka mkono unampoa, kisha wanamsimamisha mbele ya mtu aliyekwisha kupata moto.

Nassor ndiye aliyeelewa kwanza hesabu zake. Alikuwa akikaa karibu na televisheni, mkono wake uliovunjika juu ya mto, na alikuwa akinieleza mimi, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Aliniambia kwamba ukifyeka hupati kumi peke yake, unaongezewa na utakachoangusha katika mipigo miwili inayofuata, ndiyo maana mtu anaweza kuonekana yuko nyuma na kumbe bado hajahesabiwa. Nilijua maelezo yale hayakuwa yangu. Mama alikuwa akiyasikiliza bila kuondoa macho kwenye kioo, na wiki iliyofuata alikuwa akihesabu mwenyewe kwa vidole juu ya goti.

Walikaa hivyo wiki nyingi, mimi nikiwa katikati yao. Kisha Ijumaa moja akatokea mchezaji aliyefungwa kifundo cha mkono kwa kitu cha ngozi na chuma, kikubwa, kinachofanana kabisa na kile alichofungwa Nassor hospitali. Mama alimtazama yule mtu arushe mara mbili. Akauliza, "Na huyo naye kavunjika?"

Nikafungua mdomo kumjibu kwamba sijui. Mama hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa ameutazama ule mkono juu ya mto.

Nassor alimwambia hapana, hakuvunjika, ni kitu cha kuushikilia mkono usipinde wakati wa kurusha. Mama akauliza kama hakimuumizi. Nassor akasema hakimuumizi. Mama akamtazama yule mtu akirusha tena, kisha akauliza, "Na wewe, chako?"

"Chaniuma jioni, mama."

Akaitikia kwa kichwa na tukaendelea kutazama. Mimi moyo haukunidunda wala machozi hayakunijia. Nilijua tu kwamba kuna jambo limetokea, kama unavyojua usingizini kwamba mtu amepita chumbani. Asubuhi yake nilimkuta jikoni anapasha moto mafuta ya habasoda katika sufuria ndogo. Akanikabidhi, akaniambia nimpelekee kaka yangu ajipake. Kwa hivyo Jumamosi mambo yalikuwa yamerudi kama kawaida, mimi ndiye tarishi. Na yakabaki hivyo miezi: siku sita za wiki mama hakuwa na neno na Nassor, na Ijumaa alasiri walizungumza kama watu wawili waliokutana kiwanjani, juu ya Shoto, juu ya mapengo, juu ya nani atafyeka na nani mkono umempoa. Mchezo ukiisha mama alisimama kwenda kuswali na kila mmoja akarudi alikotoka.

Mtu wa nje aliyeingia katika mambo yetu mwaka ule alikuwa Grace. Alikuwa Mkenya, kutoka Nakuru, anafanya kazi ya kunyoosha viungo katika kliniki moja mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, na Nassor alipelekwa kwake na ami Said. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu na sauti isiyojua kunong'ona. Mara ya kwanza nilipomsindikiza Nassor nilimsikia akimwambia, "Hii mkono haitapona ukiibeba kama mtoto mchanga. Weka chini. Ifanye kazi." Nassor alitabasamu, na niliona kwamba nilikuwa nimesahau sura yake akitabasamu. Alipojua kwamba tunazungumza Kiswahili nyumbani, kama nyumba nyingi za huku zilizotoka pwani ya Afrika, Grace alifurahi kupita kiasi, ingawa Kiswahili chetu kilimchekesha na chake kilimshangaza mama. Alisema tangu afike Maskati hajala wali wa nazi uliopikwa na mtu anayeujua. Nilimwambia mama, na mama akasema basi aje.

Akaja Ijumaa, moja kwa moja kutoka kanisani kwao Ruwi, maana huku hata wao husali Ijumaa, siku ya mapumziko, amevaa gauni la maua na amebeba keki. Alikaa chini na sisi, akala kwa mkono, akasifu kila kitu. Na kama afanyavyo mgeni mwema yeyote wa kwao na wa kwetu, akataka kumjua mwenyeji wake. "Mama, uko na watoto wangapi?"

Ami Said alikohoa. Mimi nikaangalia wali. Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza mama swali hilo, kwa sababu kila aliyeingia mlangoni alikuwa anajua.

Mama alisema, "Watatu. Huyu Nassor, huyu Zuwena, na mdogo wao Khalfan. Khalfan kafariki."

Grace akampa pole, akauliza kama alikuwa mgonjwa. Mama akasema ajali. Hapo Nassor akaweka kijiko chini na kusema, akimtazama Grace, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja mtaa anaokaa. Nilitarajia Grace aseme kwamba ni mipango ya Mungu, maana wote walisema hivyo. Akamgeukia, akamwambia, "Pole, Nassor. Pole ya ndugu yako." Na ndipo niliposhtuka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwa kuwa niligundua kwamba hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Mamia ya watu walipita nyumbani kwetu. Mama walimpa pole ya mtoto, mimi walinipa pole ya ndugu, na Nassor wote walimpa pole ya mkono. Mama alikuwa ameshika bakuli la mchuzi. Akamwongeza Grace, kisha akanyoosha mkono mpaka kwenye sahani ya Nassor, akamwongeza na yeye. Tukamaliza kula. Mchezo ulipoanza tulimweleza Grace habari za Shoto na Bwana Harusi, na kabla ya alasiri alikuwa akisema kafyeka kama sisi.

Grace ndiye aliyesema kwamba Nassor aende akaucheze mchezo wenyewe, kwa mkono wa kushoto kwanza, halafu wa kulia kwa tufe jepesi, kuuzoesha. Palikuwa na ukumbi wa bolingi mjini, tulikuwa tukipita mbele yake bila kujua ni wa nini. Ami Said akasema atatupeleka. Sikudhani mama atakuja, lakini siku ile nilimkuta amekwisha vaa buibui na amekaa kiti cha mbele cha gari la ami, mkoba umo mapajani, kama wale wake wa kwenye televisheni. Njiani aliuliza kama Shoto naye huja kucheza huku, na ami, ambaye hakupenda kumvunja mtu moyo, akasema labda siku moja.

Ukumbi ulinuka soksi na chipsi. Kulikuwa na makelele: muziki, watoto wa shule, vijana wa kambi za makampuni waliokuwa na siku ya mapumziko, na mashine za michezo zinazolia ukutani. Ilikuwa lazima uvue viatu vyako uazime vya pale, na mama hakutaka kabisa kusikia habari ya kuvaa viatu vilivyovaliwa na watu, kwa hivyo akakaa nyuma kabisa na chai ya maziwa katika bilauri ya karatasi. Njia zilionekana fupi kuliko kwenye televisheni. Nassor alichukua tufe kwa mkono wa kushoto, akalikumbatia kifuani kama tulivyowaona wakifanya, akasimama muda mrefu akitazama mbele. Kisha akaliachia, likaenda hatua chache na kutumbukia katika mfereji wa pembeni. La pili vile vile. La tatu likafika, likagusa chupa moja ya ukingoni, ikayumba, ikaanguka peke yake. Vijana wa njia ya jirani hawakututazama hata mara moja. Nassor alirusha mpaka jasho likamlowesha mgongo wa kanzu yake ya dishdasha, na sura yake haikubadilika, akiangusha mbili, akiangusha hakuna. Nilikwenda kukaa na mama. Nilidhani atasema maskini, au atasema twende. Alisema, "Kumbe ni mzito mchezo huu." Akanywa chai yake. Baadaye akaniambia kwamba kwenye televisheni ni bora, kwa sababu kule hakuna kelele. Hatukurudi tena pale mama akiwamo, ingawa Nassor aliendelea kwenda na Grace alimsifu, na mwisho wa mwaka mkono wake wa kulia uliweza kushika kijiko, kisha kalamu, kisha usukani.

Ijumaa zetu ziliisha ghafla, kama vilivyoisha vitu vingi vya dishi miaka ile. Wiki moja tulikula, tukakaa, ami akafungua chaneli, na badala ya ukumbi wa njia mbili tukaona mistari inayocheza na sauti inayokoroma. Wenyewe walikuwa wameifunga, wakataka watu wanunue kisanduku kingine na kadi, lakini hilo tulilijua baadaye. Ami alisema dishi limesukumwa na upepo, akapanda juu ya dari kulirudisha, na tukazisikia ndara zake zikipiga juu ya vichwa vyetu, zikienda na kurudi. Chini tulibaki watatu. Mistari ilikuwa ikipita kwenye kioo, na mama aliendelea kuitazama kama anavyoutazama mchezo. Nassor naye vile vile. Nilifikiria kusimama kwenda kuosha vyombo, nikashindwa kupata sababu ya kusimama.

"Nassor," mama akasema. Hakugeuza uso. "Khalfan alikuwa akisema nini garini?"

Nassor aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akauweka mapajani.

"Alikuwa kalala, mama."

"Tangu wapi?"

"Tangu Suwaiq. Aliegemeza kichwa dirishani akalala."

"Hakustuka?"

"Hakustuka. Hakujua kitu."

Khalfan hakuwa mtu wa kulala garini. Tangu alipokuwa mtoto, akitia mguu garini mdomo wake haufungi. Alisoma kila kibao cha njiani kwa sauti, aliimba, aligombania dirisha, aliuliza tumefika wapi hata akiwa anajua tumefika wapi. Katika safari za mchana na za usiku, mgonjwa au mzima, sikuwahi kumwona amefumba macho ndani ya gari, na kama mimi nilikuwa nalijua hilo, mama alikuwa analijua mara kumi zaidi. Nilimtazama. Nilingoja aseme. Nassor pia alikuwa akingoja, nafikiri, kwa sababu alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kunyolewa.

Ndara za ami zilifika mwisho wa dari na kurudi.

"Alikuwa kachoka," mama akasema. "Asubuhi ile nlimwamsha mapema. Hakushiba usingizi."

"Ndiyo, mama," Nassor akasema. "Aliniambia hivyo."

Ami Said alishuka, vumbi limemjaa mabegani, akasema dishi halina kasoro na hafahamu tatizo ni nini. Mama akamwambia aache, anywe kahawa kwanza, na akamtuma Nassor jikoni kuleta vikombe. Hatukununua kile kisanduku. Gari la Nassor mama alilipanda baadaye sana, siku ya kwenda kutafuta samaki soko la Sib, na hakuna aliyelizungumza, si wakati wa kwenda wala wa kurudi. Grace alimaliza mkataba wake akarudi Nakuru. Mimi nikapata kazi ya kufundisha, nikaolewa, na ganzi ikaniachia mahali fulani katika miaka hiyo, siwezi kusema lini. Lakini habari ya usingizi wa Khalfan ilibaki. Mama aliihadithia kwa wageni, kwa majirani, na katika miezi yake ya mwisho kwa wauguzi waliokuja kumgeuza kitandani: kwamba mwanawe alikuwa amelala, kachoka, alimwamsha mapema mwenyewe, kichwa kaegemeza dirishani, hakujua kitu. Kila mwaka aliongeza kidogo. Mara alikuwa amejifunika kanga yake, mara alikuwa akikoroma. Na kila alipofika mwisho alimgeukia Nassor, kama yupo, na Nassor akasema ndiyo mama, alikuwa kalala. Sijawahi kumuuliza Nassor lililosemwa garini. Wanangu wakiniuliza habari za mjomba wao ambaye hawakumwona, nami huwaambia kwamba alikuwa amelala tangu Suwaiq.